Lila na fila: sindano za kidevu zimefika Thika

Wahenga walisema lila na fila hazitangamani, wakikusudia kwamba wema na uovu havipikwi chungu kimoja. Hilo neno fila, sisi watu wa pwani tulilijua ndani ya methali hiyo tu. Hulikuti sokoni wala jikoni. Lakini siku hizi ukitaka kuliona limeandikwa kwa herufi kubwa za rangi, mpenzi msomaji, panda matatu ya Thika. Katika dirisha la saluni moja ya Ruiru nimelisoma kwa macho yangu, kando ya bei za kusuka nywele na kupaka kucha rangi: fila ya midomo, fila ya mashavu, fila ya kidevu.

Hii siyo fila ya wahenga. Neno limetoka kwa Wazungu, na maana yake ni kijazio. Ni maji mazito mfano wa ute wa yai, hudungwa kwa sindano chini ya ngozi ili palipobonyea painuke na palipo pafupi parefuke. Mtu huingia na kidevu kifupi, akakaa kitini kitambo, akatoka na kidevu kingine siku ile ile. Hakuna kisu, hakuna kulazwa. Ndiyo maana habari zake zimeenea upesi, na ndiyo maana nimeona vyema nizungumze nanyi juu yake, kwani mtindo uliofika Ruiru leo hauchelewi kufika Majengo, Kisauni na Malindi.

KIDEVU KIMEKWENDA WAPI?

Binti wa dadangu anasoma Thika. Posa yake imekwisha kupokewa, na harusi imepangwa kufanywa Mombasa. Miezi mitatu kabla ya siku yenyewe alimpigia mamake simu akaomba pesa, si za nguo wala za dhahabu, bali za kidevu. Dadangu alishikwa na bumbuwazi. "Kaka," aliniambia usiku ule, "mtoto huyu alizaliwa na kidevu, mimi mwenyewe nilikiona. Sasa kimekwenda wapi?"

Kwa kuwa kazi zangu huniweka Nairobi, nilitwikwa mzigo huo. Nilikwenda Thika nikamkuta mpwa wangu mzima wa afya, uso wake ule ule wa marehemu bibi yake. Aliniamkia kwa heshima, kisha akanionyesha simu. "Tazama mwenyewe, mjomba," alisema. "Sina kidevu. Picha zote za harusi nitatoka hivi."

Asiyeijua bara ataniuliza kwa nini mambo haya yaanzie huko. Zamani Thika tuliisikia kwa viwanda na mananasi, na Ruiru kwa kahawa, hata mbegu moja mashuhuri iliyotolewa na watafiti wa hapo mwaka 1985 inaitwa Ruiru 11. Lakini tangu ile barabara kuu itokayo Nairobi ilipopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, mashamba mengi yamegeuka majumba ya kupanga. Vyuo vikuu vimejipanga njiani kama shanga: Kenyatta pale Kahawa, Jomo Kenyatta pale Juja, na Mount Kenya kule Thika kwenyewe. Palipo na maelfu ya vijana pana saluni, na katika kila mkoba wa msichana pana simu yenye kamera.

SIMU NAYO HUDANGANYA

Hiyo simu ndiyo iliyonishughulisha kwanza. Mwaka 2022 madaktari wa upasuaji wa Dallas, Marekani, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya picha ambazo watu hujipiga wenyewe. Waliwapiga watu picha kwa simu kutoka umbali wa inchi 12, kisha kwa kamera ya kawaida kutoka futi 5, wakazilinganisha. Katika picha za karibu pua ilionekana kurefuka kwa asilimia 6 na zaidi, na kidevu kilionekana kufupika kwa asilimia 12. Uso ni ule ule. Kilichobadilika ni umbali.

Sababu yake si uchawi. Kitu kilicho karibu na kioo cha kamera huonekana kikubwa, kilicho nyuma kidogo huonekana kidogo. Pua hutangulia, kidevu hubaki nyuma. Basi kijana ajipigaye picha asubuhi na jioni kwa mkono ulionyooka huutazama uso ambao hakuna binadamu mwingine auonaye. Mumewe hatauona, wala wageni wa harusi hawatauona. Nilimwomba mpwa wangu asimame ukutani, nikarudi nyuma hatua tatu, nikampiga picha. Aliitazama muda mrefu asiseme neno. Kisha akasema kwamba hata hivyo angependa twende tukaulize. Nami nikaona ni haki yake.

SINDANO HII SI NGENI

Tamaa ya kujaza uso kwa sindano ina umri mrefu kuliko wengi wadhanivyo. Mwaka 1899 daktari mmoja wa Vienna, Robert Gersuny, alianza kuwadunga watu vaselini. Baadaye ikatumiwa nta ya parafini. Wateja walifurahi kwa miezi, wengine kwa miaka, kisha nta ikaanza kuhama au kufanya uvimbe mgumu ndani ya nyama. Anayekumbukwa zaidi ni Gladys Deacon, mmoja wa warembo waliosifika mno Ulaya, ambaye baadaye aliolewa na mtawala wa Marlborough kule Uingereza. Alipokuwa msichana wa miaka ishirini na kitu alidungwa nta puani apate pua iliyonyooka kama ya masanamu ya Kiyunani. Ile nta ikateremka, ikamwachia uvimbe kidevuni. Aliishi hadi mwaka 1977, na uzuri wake ulikuwa umepotea zamani.

Mwaka 1981 Marekani iliruhusu kijazio kilichotengenezwa kwa ngozi ya ng'ombe, nacho kilidumu miezi michache tu na kuwadhuru waliokuwa na mzio. Kinachotumiwa zaidi siku hizi ni asidi ya haialuroniki. Kitu hiki kimo katika miili yetu sote, kwenye ngozi, maungio na macho. Mtu wa kilo 70 anacho kiasi cha gramu 15. Kiligunduliwa New York mwaka 1934 na Karl Meyer na John Palmer, ndani ya macho ya ng'ombe. Fila za namna hii zilianza kuuzwa Ulaya mwaka 1996, zikaruhusiwa Marekani mwaka 2003, na mwaka 2020 Marekani ikaruhusu mojawapo itumiwe kidevuni hasa.

Sirinji moja kwa kawaida ina mililita 1, yaani sehemu ya tano ya kijiko cha chai, na kidevu huweza kuhitaji zaidi ya moja. Kazi yake si ya milele. Mwili huiyeyusha polepole, na baada ya miezi 6 hadi 18, kwa kutegemea aina, mtu hurudi kitini na pochi yake. Msichana anayeanza na miaka 22 ajue kwamba hanunui kidevu, bali anakipanga kama chumba.

MSHIPA HAUONEKANI KWA NJE

Kabla ya kwenda Ruiru nilimpeleka mpwa wangu Nairobi kwa daktari wa ngozi, mama mmoja mtulivu mwenye vyeti vyake ukutani. Hakutufukuza wala hakutushawishi. Alimweleza kwamba wengi hudungwa wasipate zaidi ya uvimbe na wekundu wa siku chache. Kisha akaeleza jambo ambalo kila mama asomaye ukurasa huu yafaa alijue.

Uso umejaa mishipa ya damu, na hakuna anayeiona kwa nje. Fila ikiingia ndani ya mshipa, au ikiubana kwa nje, damu husimama. Ngozi iliyokuwa ikilishwa na mshipa ule hupauka, kisha hufanya mabaka ya zambarau kama wavu, ikauma, na isipotibiwa hufa na kuoza, ikaacha kovu la maisha. Kwa kuwa mishipa ya uso imeungana na ya jicho, mara chache sana, hasa sindano inapopigwa puani au kati ya nyusi, fila husafiri hadi jichoni, na jicho likikosa damu halingoji hata saa 2. Mtu huingia kutafuta uzuri akatoka kipofu.

Rehema iliyopo ni kwamba fila ya haialuroniki ina dawa ya kuiyeyusha, iitwayo haialuronidesi. Daktari akiona ngozi imepauka huidunga pale pale, na mara nyingi ngozi huokoka. Lakini dawa hiyo iwe ndani ya chumba, na aliyeshika sindano awe anaijua dalili. Dawa iliyoko Nairobi haimsaidii aliyelala kitini Ruiru. Tena kuna vijazio vingine, kama silikoni, ambavyo havina cha kuviyeyusha. Vikiharibika huondolewa kwa kisu.

MASWALI YANGU RUIRU

Bei ya saluni ya Ruiru ilikuwa chini ya nusu ya ile tuliyotajiwa Nairobi, na mpwa wangu alitaka kujua kwa nini. Tulikaribishwa na msichana mchangamfu aliyevaa koti jeupe. Chumba kilinukia manukato. Nyuma ya pazia palikuwa na kitanda, na kando yake meza ya kusukia nywele.

Nilimwuliza kama yeye ni daktari. Alisema amesomea urembo, na kazi hii ameijua kwa mafunzo ya siku 3. Nilimwomba anionyeshe dawa. Akaleta sirinji isiyo na kisanduku wala karatasi ya maelezo, akasema imetoka Korea. Nikamwuliza kisanduku kiko wapi, akasema hutupwa kupunguza takataka.

"Na ikiingia mshipani," nilimwuliza, "mna dawa ya kuiyeyusha?"

Akacheka. "Mzee, hii haiingii mshipani. Hii ni ya ngozi tu."

Hakuwa mtu mbaya. Aliamini alichosema, na hilo ndilo lililonitisha kuliko uongo. Mpwa wangu akachukua mkoba wake, akamshukuru, tukatoka. Njiani ndani ya matatu aliniambia, "Mjomba, hakujua hata jina la ile dawa." Nilinyamaza, maana alikwisha sema yote.

Kuna na hii ambayo watu huisahau: sindano ni sindano. Idara ya afya ya Marekani ilitoa taarifa mwaka 2024 kuhusu saluni moja ya New Mexico iliyokuwa ikiwatoa wateja damu na kuirudisha usoni kwa visindano. Uchunguzi ulioanza mwaka 2018 ulionyesha kwamba wanawake 3 yaelekea waliambukizwa virusi vya ukimwi humo. Haikuwa fila, lakini mlango wa maradhi ni ule ule. Na hata vile vifaa visivyo na sindano, visukumavyo dawa ndani ya ngozi kwa nguvu ya hewa, wakuu wa dawa wa Marekani waliwaonya watu mwaka 2021 wasivitumie kwa fila.

DINI YASEMAJE?

Najua wasomaji wangu wengi walikuwa wakingoja hapa. Mimi si sheikh, na mwenye shaka amwendee mwanachuoni wake. Nitataja yale tu yanayojulikana na wengi.

Qur'ani yatuambia katika Surat At-Tin kwamba binadamu ameumbwa kwa umbo lililo bora, na katika Surat An-Nisaa kuna habari ya Iblisi kuapa kwamba atawaamrisha watu wabadilishe alichoumba Mwenyezi Mungu. Na katika Bukhari na Muslim imepokewa kwa Abdullah bin Masud hadithi kali juu ya wanaochanja ngozi na kutia rangi, na wanaotenganisha meno kwa ajili ya urembo. Kwa wengi wetu hayo yatosha kufunga mlango.

Lakini kuna na habari ya Arfaja bin As'ad, iliyomo katika Abu Daud na Tirmidhi. Mtu huyu alikatwa pua vitani zama za Jahiliya. Akajitengenezea pua ya fedha, ikaanza kunuka, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru atie pua ya dhahabu. Tazama basi: dhahabu ambayo mwanamume amekatazwa kuivaa iliruhusiwa ili aliyepotewa na pua aishi na watu bila ya fedheha. Kurudisha kilichoharibika si sawa na kubadilisha kilicho kizima.

Wanachuoni wa zama zetu wamefuata mkondo huo. Baraza la Kimataifa la Fikihi, lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu, lilikutana Putrajaya, Malaysia, Julai 2007 likatoa azimio. Kutengeneza kasoro ya kuzaliwa nayo, au iliyoletwa na ajali, moto au maradhi, kunaruhusiwa. Kubadilisha umbo la kawaida kwa kufuata matamanio tu hakuruhusiwi. Hata kuondoa mikunjo ya uso kwa sindano, lilisema, hakufai ila pale ambapo ni ugonjwa, na kwa sharti la kusalimika na madhara.

Wala mifano ya matibabu haiko mbali. Wengi wanawakumbuka jamaa waliotumia zile dawa za kwanza za ukimwi, hasa stavudini, ambayo iliokoa maisha lakini ikawanyonya mafuta ya mashavu mpaka kila mtu njiani akawajua kwa kuwatazama. Mwaka 2009 Shirika la Afya Ulimwenguni lilizishauri nchi ziiache hatua kwa hatua. Kwa ajili ya nyuso kama hizo Marekani iliruhusu kijazio maalumu mwaka 2004. Mtu huyo, na kijana aliyevunjika taya kwa ajali ya bodaboda, ni ndugu zake Arfaja. Msichana mwenye kidevu kizima ana hesabu nyingine ya kujibu.

Na liko la uhalali wa dawa yenyewe. Asidi ya haialuroniki iliwahi kutolewa katika upanga wa jogoo, ile nyama nyekundu ya utosini. Siku hizi nyingi hutengenezwa kwa vijidudu viwandani. Lakini pia palikuwa na kijazio cha nguruwe, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 2008 na kuondolewa sokoni mwaka uliofuata. Sirinji isiyo na kisanduku haisemi asili yake. Mwislamu anayesoma karatasi ya biskuti kabla ya kumpa mwanawe atakubalije kudungwa kitu kisicho na maandishi?

LIWA, HINA NA SINDANO

Asije mtu akafikiri kwamba nawachukia wanaojipamba. Sisi tumelelewa katika harufu ya udi na asmini. Bibi harusi wetu husingwa, hupakwa liwa iliyosuguliwa juu ya msio, hutiwa hina mikononi na miguuni na wanja machoni. Jirani zetu nao wana yao: Wakikuyu wa huko Thika zamani walitoga masikio wakayapanua, na Wamakonde walichanja nyuso na kuchonga meno. Hakuna kabila lisilotaka kupendeza.

Lakini mapambo yetu mengi yana fadhila moja, kwamba yako juu ya ngozi. Yakikosewa huoshwa. Na pale tulipotia kemikali tumejuta. Piko lililochanganywa na dawa ya kutia nywele rangi limewaunguza mikono maharusi wengi. Yakiwa yaliyopakwa nje yaweza kuunguza hivyo, yanayoingizwa ndani yataka hadhari mara kumi.

SHERIA IPO, JICHO LIWE LETU

Katika Kenya kazi ya udaktari husimamiwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na dawa husimamiwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Daktari hupewa leseni ya kila mwaka, na jina lake yeyote aweza kulitafuta katika orodha ya baraza. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi siku chache baada ya kutolewa mafuta mwilini katika kliniki ya urembo, na baraza likaifunga kliniki hiyo. Halikuwa jambo la fila, lakini nchi nzima ilitambua kwamba urembo nao huua. Hata hivyo, baraza huja baada ya msiba. Kabla ya msiba yupo mama, yupo shangazi, yupo somo.

Basi nawausia nyinyi. Binti akija na maneno ya kidevu, msimkemee wala msimcheke. Akichekwa nyumbani atakwenda peke yake. Mpigeni picha kutoka hatua tatu ajione kama watu wanavyomwona. Akiwa bado ana hamu, nendeni naye mkamwulize mwenye sindano maswali manne. Wewe ni daktari, na jina lako limo katika orodha? Dawa hii yaitwaje, na kisanduku chake kilichofungwa kiko wapi? Imetengenezwa kwa kitu gani? Na dawa ya kuiyeyusha iko katika chumba hiki? Jibu moja likikosekana, ondokeni, hata kama pesa zimekwisha lipwa.

Mpwa wangu hajakata shauri. Ameniambia atalifikiria baada ya harusi, na pesa alizotumiwa na mamake amenunulia kitambaa. Sikumsifu wala sikumshauri zaidi, kwani uso ni wake na hesabu ni yake. Nililomwomba ni moja tu: siku atakayokwenda, asiende Ruiru nyuma ya pazia, na asiende peke yake.